Mafuta ya upako kwa laptop

Muthoni uko? Usicheke. Mum ameleta kikundi cha maombi kuombea laptop yangu.

LAPTOP, Muthoni!

Si unajua ile library ya programu najifunza kuandika, code moja ya kupokea data ya kila aina, namba ama majina? Nimeirun, errors zikateremka kama mvua ya kule milimani Timboroa. Kumbe mum amesimama nyuma yangu. "Kabura, hiyo si kazi, hiyo ni vita."

Wamama wa maombi wa mtaa wetu wa Munyaka wakajaa sitting room, wakaiwekelea mikono. Kiongozi wao, Mama Nyokabi, akamwaga mafuta ya upako kwa keyboard. KWA KEYBOARD! Akipanguza na leso, akafuta laini nzima ya code.

Nikarun tena. Ikakubali!!

Eti hiyo laini ndiyo ilikuwa inakataa majina, inataka namba pekee. Wakapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Sasa bosi wangu Osman ameona code, anauliza nani alinifunza hiyo mbinu. Nikapanik, nikasema kuna senior ananisaidia.

Anataka kumuona kesho kwa video call.

Mama Nyokabi amekubali. Anauliza tu kama abebe mafuta.