Pasi Yako Bado Iko Kwenye Foleni

Mwaka umeshazunguka, mke wangu, tangu asubuhi ile cherehani iliponyamaza katikati ya mshono. Gauni la shule lilibaki chini ya sindano, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado. Mama wa mtoto alikuja kulichukua, akaliangalia, akasema acha likae. Likakaa. Binti yetu akifagia chumba analizunguka tu.

Watoto walitaka tangazo fupi la kumbukumbu gazetini, picha na maneno mawili matatu. Nikawaambia mama yenu hakuwa mtu wa maneno matatu, hata akiwa na pini mdomoni. Wakacheka, wakanisukumia karatasi. Ndipo nikakaa kuandika mimi.

Ulikuwa unaongea na pini mdomoni na hukuwahi kumeza hata moja. Ulikuwa unafunika chai yangu kwa kisahani nikichelewa kutoka kwenye ujenzi, na nikikuta imepoa unasema si chai iliyopoa, ni mimi niliyechelewa. Ulipomshonea mtoto sketi uliacha upindo mrefu, ukamwambia mama mtu, "Huyu atakua, utashusha." Mpaka leo nakutana na watoto njiani wamevaa sketi zilizoshushwa upindo, na mstari wa zamani bado unaonekana. Naujua mkono wako. Huwa nasimama wapite.

Wasiokujua kwa kushona walikujua kwa jina la Mama Foleni. Hili lazima nilieleze vizuri, maana limesemwa vibaya mtaani, na wewe mwenyewe uliondoka ukiamini hivyo hivyo.

Zahanati yetu ilikuwa na vyumba viwili, benchi moja barazani, na muuguzi mmoja tuliyemwita Sista. Yeye ndiye aliyekupima presha, akakupa vidonge, akakugombeza kwa ajili ya chumvi. Siku moja Sista alifika na mkoba wake akakuta kufuli jipya mlangoni. Akaambiwa serikali inabana matumizi, ahamie hospitali kubwa, kwa sababu eti wagonjwa wa huku kwetu ni wachache. Wakubwa wanasema wamekaza mkanda. Mkanda wameukaza kweli, ila kiuno si chao.

Sisi wanaume tulilalamika vibarazani kama kawaida yetu. Wewe hukulalamika. Uliwaambia wanawake wenzako, "Wanasema sisi ni wachache. Kesho twendeni tupange foleni, watuhesabu."

Mkapanga foleni mbele ya mlango uliofungwa. Wagonjwa, wazima, wajawazito, bibi wa watu na fimbo yake. Wapita njia walicheka. Mmoja akawauliza mnasubiri nini na mlango una kufuli. Ukamjibu huku unashona kifungo cha sare, "Tunasubiri ufunguliwe. Na wewe unasubiri uugue?" Kesho yake mtu huyo alikuja na mama yake mzazi, akamtafutia nafasi kwenye foleni na mto wa kukalia.

Lakini watu wana kazi zao, na njaa haipangi foleni. Ndipo ikaanza ile desturi yenu. Anayekwenda kibaruani anaacha jiwe mahali pake, akirudi analikuta. Kila jiwe lilikuwa na mwenyewe. Shoga yako muuza mkaa, ambaye mlikuwa chanda na pete, aliacha kipande cha tofali. Wewe uliacha pasi yako ya zamani, ile ya mkaa iliyovunjika mpini. Mtu akikalia jiwe aliambiwa ainuke, amemkalia mama wa watu. Na bwana mmoja aliyesogeza jiwe lake mbele ulimrudisha nyuma bila huruma, ukasema foleni ni foleni, hata ya mawe.

Nilikutania kwamba mimi ndiye mwashi lakini mawe yote yanakutii wewe. Ukasema hiyo ni kwa sababu unayaheshimu, mimi nayapiga nyundo.

Habari zikasambaa. Redioni wakaitaja foleni ya mawe. Wakubwa ambao hawakusikia watu wakasikia mawe, na mwenyekiti wetu wa mtaa akaletewa taarifa kwamba bwana mkubwa wa ofisi ya afya atakuja mwenyewe kutazama. Siku hiyo ulirudi nyumbani ukiimba. Ulikuwa na hakika kwamba Sista anarudi.

Hapa ndipo ninapoumia.

Wewe hukulelewa kumpokea mgeni penye takataka. Ulisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na safari hii ni kweli kabisa, mgeni anakuja na wenyeji watapona presha na homa. Nikakwambia huyo si mgeni, huyo anakula jasho letu, mwache akanyage vumbi aone. Ukaniangalia kama ulivyokuwa ukiwaangalia watoto wakila wamesimama.

"Baba watoto, mgeni hachaguliwi. Akija kwetu akute watu, asikute jalala."

Basi mkafagia uwanja wote mpaka ukaonekana kama umechanwa kwa kitana. Mkalisugua benchi kwa sabuni. Mimi mwenyewe nilikoroga chokaa nikapaka kuta, maana uliacha kubishana nami ukaninyamazia, na kunyamaza kwako hakuna mwanamume aliyekuweza. Wagonjwa mkawaambia siku hiyo wapumzike nyumbani, wasije wakamkoholea mgeni. Na mawe, kwa kuwa yaliuharibu uwanja uliofagiwa, ukasema yaondolewe. Yakarundikwa nyuma ya choo. Pasi yako uliirudisha nyumbani kwenye kikapu, ukaisukuma uvunguni.

Hakuna aliyewadanganya. Hakuna aliyewalazimisha. Mliificha shida yenu kwa mikono yenu kama mtu anavyoficha sufuria jeusi mgeni akibisha hodi. Watu wote waliolelewa wangefanya hivyo.

Bwana mkubwa akashuka garini. Akazunguka jengo, akagusa ukuta, akaangalia chokaa kwenye kidole chake, akakipangusa kwa leso. Akauliza wagonjwa wako wapi. Mkatazamana. Wewe ndiye uliyemjibu, kwa adabu zako zote, kwamba mmewaambia wapumzike wasije wakamchosha.

Akacheka. Akapiga makofi, na waliokuwa nyuma yake wakapiga. Akasema, "Hongereni sana, akina mama. Mahali penye watu kama ninyi, serikali ina kazi gani?"

Mkashangilia. Mlidhani mmesifiwa, kumbe mmehukumiwa. Akanywa soda yenu, akaondoka.

Haukupita muda mrefu mwenyekiti akaja akiwa ameshika kofia mkononi, nami nikajua hana jema. Akasema muuguzi atabaki moja kwa moja hospitali kubwa, kwenye wagonjwa wengi. Huku kwetu wakubwa wameona kwa macho yao kwamba hakuna msongamano, na wananchi wanajitegemea vizuri sana. Jengo tumeachiwa tulitunze, ni mali yetu. Nikauliza ufunguo uko wapi. Akasema umebaki huko huko kwao.

Muuza mkaa alikuwa amesimama karibu na wewe. Hasira ikamshinda, akasema, "Tumefagia mpaka tumemfagia Sista." Hakukutaja, lakini macho yake yalikuwa kwako, na wote tuliona. Ulilichukua neno lile ukaenda nalo nyumbani.

Tangu hapo ulikuwa unashona kimya. Pini zilikaa mdomoni, maneno yakaondoka. Nilipokuambia twende hospitali kubwa kufuata vidonge, ulikwenda siku nyingine, siku nyingine ukasema kesho, huko wanashinda siku nzima na sare za watu zinangoja. Nilipotaka kulisema lile la bwana mkubwa, ulinyanyua mkono nisiendelee. Na mimi nikadhani tuna muda.

Asubuhi ile ulishika kichwa, ukainamia cherehani. Jirani akatoa pikapu yake, nikakaa nyuma nimekupakata. Njia inapita mbele ya zahanati. Ilikuwa nyeupe pe, chokaa yangu, kufuli mlangoni, uwanja safi hauna mtu. Uligeuza shingo ukaitazama.

Ukasema, "Mimi ndiye niliyesema mawe yaondolewe."

Sikukujibu. Nilikuwa nagonga bati kwa ngumi dereva akimbie. Tulipofika hospitali ulikuwa umeshatutoka, na Sista, aliyekuwa zamu pale mlangoni, alikutambua kabla sijasema jina lako. Alilia kama amefiwa na mama yake. Alikuwa amehamishwa akahudumie wagonjwa wengi, na wewe ukapelekwa kwake ukiwa huhudumiki tena.

Basi jibu langu ni hili, mke wangu, limechelewa. Si wewe.

Adabu haijawahi kumuua mtu. Aliyeona nyumba imefagiwa akasema wenyewe hawaumwi, huyo ndiye. Aliyetia kufuli kwanza halafu akaja kuangalia, huyo ndiye. Mgeni alikuja na mwenyeji hakupona, lakini ubaya wa mgeni haubebwi na mwenyeji. Nalisema hili gazetini na siombi radhi. Wasome. Wana nafasi ya kusoma, wao wakiumwa wanapanda ndege.

Shoga yako amelisema la kwake pia. Baada ya mazishi alikuja nyumbani, hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na kile kipande chake cha tofali, macho chini.

"Shemeji," akasema, "pasi yake iko wapi?"

Nikaitoa uvunguni. Tukaenda pamoja mpaka zahanati. Aliiweka mwenyewe, ya kwanza kabisa, pale kwenye kizingiti, halafu tofali lake akalitia nyuma yake. Alikaa pale akilia, akikuomba msamaha kwa sauti, bila kujali nani anapita. Jioni nilipotazama tena, mawe yalikuwa yamefika barabarani.

Safari hii hakuna anayefagia. Majani yameota uwanjani, benchi lina vumbi, chokaa inabanduka na mimi mwashi nimeiacha ibanduke. Wanaletwa wagonjwa wanaokohoa na watoto wanaolia, na mgeni akitokea atakoholewa. Akina mama wamekubaliana hivyo. Najua inawauma. Nawaona wanavyoliangalia benchi lile, mikono inawawasha.

Juzi nimemkuta binti yetu amechuchumaa pale kizingitini, anaipangusa pasi yako kwa upindo wa nguo yake. Nikamwambia aiache na vumbi lake, ndiyo makubaliano. Akasema, "Baba, hii tu." Alisema kwa sauti yako. Nikamwachia.

Hatujashinda kitu, sitakudanganya. Mlango bado umefungwa na Sista bado yuko mbali. Sista mwenyewe siku zake za mapumziko huja, anapima presha za watu pale barazani, nje ya mlango ambao zamani alikuwa na ufunguo wake. Kila akija anauliza pasi ni ya nani, ingawa anajua. Anataka tu kusikia tukikutaja.

Unakumbukwa na mimi mumeo, mwashi, ninayekunywa chai ya baridi. Unakumbukwa na mama yako mzazi, ambaye bado anakuita kwa jina la utotoni. Na binti yetu, atakayelimalizia gauni lile siku akiweza. Na kaka zake, wifi zako wote, na wajukuu zako na sketi zao za upindo mrefu. Unakumbukwa na shoga yako muuza mkaa, na Sista, na foleni nzima.

Siku kufuli lile litakapotoka na sauti ya ndani ikauliza nani wa kwanza, nitainua pasi yako juu waione. Hatutakusahau kamwe, Mama Foleni, na nafasi yako haiendi kwa mtu.