Akakimbia, Akakimbizwa

Jumatatu, 4 Machi
Leo Bosi amenipa kazi kubwa hapa dukani petu pa kuchapa. Mzee mmoja, zamani kiongozi wa majambazi, anatoa kitabu cha maisha yake! Anajirekodi kwenye simu, mimi nasikiliza na kuchapa. Sikumwambia Bosi kitu. Baba ndiye aliyekuwa dereva wa genge hilo. Nilikuwa na miaka minne alipopotea. Mtaani wanasema aliwauza wenzake, akakimbia, akatutupa. Mama nikimuuliza, anaendelea kukunja nguo. Labda kitabu kitasema.
Mwanangu ameota jino!

Jumatano, 6 Machi
Sura ya pili gari la genge ni jeupe. Sura ya nne, gari hilohilo, bluu. Kila tukio Mzee ndiye wa mwisho kutoka, tena kabeba majeruhi. Fundi wa fotokopi kachungulia ukurasa, kacheka: huyu jambazi au mkunga? Lakini shati alilovaa siku ya kukamatwa analikumbuka mpaka kifungo kilichokatika. Mazuri yote ni “nilifanya”. Mabaya — “ikatokea”.

Alhamisi, 7 Machi
Mtoto ana homa. Nimekuja naye. Bosi kanuna, halafu kampakata mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi
Nimefika sehemu ya dereva. Nimerudia rekodi mara tatu. “Dereva akakimbia.” Basi. Miaka ishirini, maneno mawili! Nimechapa mtoto akiwa mapajani, macho yananiuma.

Jumamosi, 9 Machi
Mzee amekuja kusoma. Mdogo kuliko nilivyofikiria, viatu vinang'aa. Shikamoo — marahaba, binti. Anasoma huku anafuata mstari kwa kidole. Kidole kikasimama.
“Binti, hapa umeandika akakimbizwa.”
Nikaangalia. Kweli. Naapa sikukusudia! Nikasema samahani Mzee, nitarekebisha.
Hakusikia. Akauliza polepole nani kaniambia.
Nikasema hakuna, ni vidole tu.
Akaondoka bila kumaliza kurasa. Mwavuli kausahau.

Jumapili, 10 Machi
Nimemuuliza Mama kama mtu anayetoroka kwake hubeba viatu vyake. Akasema kiatu kimoja cha Baba kiliokotwa barabarani, na mimi nisimuulize tena. Kisha akamchukua mjukuu wake, akamwogesha, akamwimbia.

Jumanne, 12 Machi
Mzee amerudi. Hakutaka kurekodi. Amekaa karibu na meza yangu, anasema na mimi nachapa palepale. Jasho linamtoka na feni inazunguka.
“Andika: dereva hakutuuza. Tulidhani tu.”
Nikachapa.
“Andika: walimkimbiza.”
Nikamuuliza kina nani, Mzee?
“Wao. Vijana.”
Na wewe ulikuwa wapi?
“Nilikuwepo, binti. Wewe andika walimkimbiza.”
Nikamuuliza basi dereva akaishia wapi. Akasema hapo hakumbuki. Yeye, anayekumbuka kifungo!
Lakini hajasema alikufa. Nimesikiliza vizuri, hajasema.
Na nitamwamini lipi? Gari jeupe au la bluu? Ila hili la leo halimpambi. Ndilo pekee katika kitabu kizima.
Fundi akaita, printa iko tayari. Mzee akanyoosha mkono akisubiri ukurasa wake. Nikabonyeza. Sikuchapa “walimkimbiza”. Nimechapa “tulimkimbiza”. Sasa ameushika, kidole kiko mstari wa kwanza, kinashuka. Mimi naandika haya, daftari likiwa chini ya meza, ili nisimwangalie —