Mizinga ya Migomba

Jumatatu, 6 Februari 2006
Nimesafisha mabehewa kumi na mawili leo. Chingamu chini ya viti, magazeti, glavu moja ya mtoto. Baridi ya depo ya treni ya Tyseley inaingia mpaka kwenye meno. Nilipofika nyumbani Northfield, binti yangu Neema alikuwa ameacha karatasi mezani. Maktaba inarekodi hadithi za wazee waliotoka mbali. Ameandika jina langu bila kuniuliza. "Papa, ile ya mizinga," akasema. "Everybody loves that one." Sikujifanya sana kukataa. Hata mimi naipenda.

Jumapili, 12 Februari
Baada ya ibada, wali na sombe ya majani ya muhogo ukumbini. Mchungaji akaniomba niwasimulie wageni.

Nikasimulia kama siku zote. Vita vya mapinduzi, miaka ya sitini, milimani kwetu upande wa Bukavu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Sisi kumi na mmoja, bunduki nne. Chini bondeni, kambi ya serikali yenye askari zaidi ya sitini na mzinga mmoja juu ya lango. Kamanda wetu alikuwa seremala. Alituambia tukate migomba sita, tuipake masizi na mafuta, tuilaze juu ya magurudumu ya mikokoteni, midomo ikitazama kambi. Kisha tukazunguka kilima mchana kutwa, watu walewale, tukibadilishana kofia na makoti, ili wa chini watuhesabu mia mbili. Kesho yake asubuhi mimi nikatumwa na barua na kitambaa cheupe: ondokeni kabla ya saa sita mchana, la sivyo mizinga itasema. Luteni wao aliisoma mikono ikitetemeka, magoti yakigongana. Wakaondoka. Hatukupiga hata risasi moja.

Hapo huwa nasimama na kuigiza yale magoti. Watu walicheka mpaka machozi.

Mmoja hakucheka. Mzee aliyehamia juzi kutoka Leicester, Papa Zihindula. Aliweka sahani chini, akavaa koti, akatoka.

Jumanne, 14 Februari
Nimeambiwa. Zihindula alikuwa koplo wa jeshi la serikali. Kambi ileile.

Naogopa. Miaka arobaini na zaidi, na naogopa kama mtoto aliyevunja chungu. Niliapa mbele ya luteni wake, kwa jina la mama yangu, kwamba tuko mia mbili. Nilijua naapa uongo.

Jumamosi, 18 Februari
Zihindula alipiga simu mwenyewe. Anakaa karibu na depo yetu, ghorofa ya pili. Alinipa kiti na chai. Nikangoja anitukane.

"Tulijua," akasema.

"Mulijua nini?"

"Kama ni migomba. Luteni alitazama na darubini. Mmoja ulikuwa unadondosha maji."

Nikaweka kikombe chini. Akaendelea polepole. Ule mzinga wao juu ya lango, uliotunyima usingizi, ulikuwa bomba la maji lililopakwa rangi. Risasi zilikuwa chache. Za kutosha kutuua sisi kumi na mmoja, lakini si za kupambana na wale ambao wangekuja kulipiza. Na ndani ya kambi kulikuwa na wake zao na watoto. Luteni aliwaambia: "Hawa batoto wametufungulia mlango. Tutoke." Mbele yangu akatetemeka makusudi. Kisha akawaambia wakubwa kwa redio: mizinga sita, waasi mia mbili. Wote walifika mjini salama.

Kwa hiyo nimekuwa nikimcheka mtu aliyekuwa akinichezea mchezo. Nilitaka kucheka. Nikauliza luteni aliishia wapi.

"Wimbo wenu ulifika mjini," akasema. "Ule wa migomba. Wakubwa wakasikia ukiimbwa sokoni. Wakamwita, wakamuuliza ilikuwa mizinga gani. Walimpiga risasi mbele yetu."

Nilimaliza chai. Nikaaga. Sikumwambia.

Jumapili, 19 Februari
Sikwenda ibada. Nilimwambia Neema nina mafua. Uongo.

Jumatano, 22 Februari
Wimbo ule ni wangu. Nikiri kwanza hapa, ambapo hakuna anayesoma. Kamanda alitukataza kusema. Alisema hila ya vita ni kama mtego, ukiutangaza umeuharibu. Siku tisa tu nilinyamaza. Nikaenda sokoni, wasichana walikuwapo, nikaimba. Nilitaka wajue kuwa mimi ndiye niliyebeba barua. Watu wakaudaka, ukaenda wenyewe.

Nimewaza siku hizi nne, nikisugua madirisha. Uongo wetu haukuua mtu. Uliokoa watu wa pande zote mbili. Kilichoua ni ukweli, nilipoutoa ili nisifiwe. Na tangu siku hiyo sijaacha kuutoa. Harusini, misibani, kanisani. Na yale magoti.

Alhamisi, 23 Februari
Baada ya kazi nilipitia kwa Zihindula. Alikuwa anamenya viazi. Nikasema nikiwa bado mlangoni: "Wimbo niliutunga mimi."

Kisu kilisimama. Akakiweka chini, akaja mlangoni.

"Rudi kwako," akasema.

Akafunga mlango. Hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Jumamosi, 25 Februari
Maktaba. Chumba kidogo, kinasa sauti mezani, dada mmoja wa kuuliza maswali, Neema wa kutafsiri. Nusura nisimulie ile ya kawaida. Neema alikuwa tayari anatabasamu.

Nilisimulia yote. Mgomba uliodondosha maji. Bomba la maji. Redio. Soko. Neema alitafsiri vizuri mpaka kwenye wimbo, kisha sauti yake ikapungua. Dada akaomba niuimbe kidogo. Nilikataa.

Nilipoinua macho, Zihindula alikuwa amesimama mlangoni na koti lake. Sijui tangu lini; tangazo la maktaba lilikuwa limebandikwa kanisani. Akaja, akavuta kiti, akaketi kando yangu bila kunitazama. Akainamia kile kinasa sauti.

"Luteni aliitwa Masumbuko," akasema. "Andikeni."

Akataja herufi moja moja. Mimi sikuwahi kulijua jina lake.

Neema aliendesha gari mpaka nyumbani. Kisha akanishika mkono. "You should've told me, Papa." Kweli. Nilipaswa kumwambia.

Jumapili, 5 Machi
Nimerudi ibadani. Mchungaji hakuniomba hadithi. Zihindula alikaa meza yetu, tukala, tukazungumza kidogo juu ya dawa za presha. Sidhani amenisamehe. Sikumuuliza.

Alipokuwa anaondoka alinipa kipande cha karatasi chenye anwani. Luteni aliacha dada mdogo, bado yuko hai, Bukavu. Maisha yake yote ameambiwa kaka yake alikuwa mwoga aliyekimbia migomba. "Mimi nimemwandikia mara mbili," akasema. "Haamini. Anasema namtetea mukubwa wangu. Labda ataamini adui."

Mvua tangu saa nane. Neema yuko kazini, nyumba imetulia. Nimekaa mezani na karatasi safi. Nimechana tatu. Ya nne nimeanza hivi:

Mama, hunijui. Kaka yako alituona vizuri sana, na akatuacha tuishi.