Sahani Iliyokataa

Jumatatu, 9 Mfungo Saba 1302
Makombe matatu kabla ya adhuhuri. Tangu baba afariki, watu wa Dunda huja kwangu. Naandika aya kwenye sahani kwa zafarani na marashi, mgonjwa anaosha maandishi, anakunywa. Shemeji Shomari, kaka wa mume wangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, hapendi. Kazi hii anaitaka yeye. Na aitake.

Jumanne, 10
Fedheha. Mume wa Bi Tatu ana homa. Bi Tatu kaleta sahani yake ya harusi. Nikaandika Bismillahi, wino ukakataa. Herufi zikajikunja zikawa matone, yamesimama kama shanga. Shemeji alikuwapo. Akasema mbele ya watu: "Sahani imemkataa. Mkono wake si safi. Ijumaa natangaza msikitini, mtu asiandikiwe na huyu tena." Nami nilitawadha mara mbili! Nimelia kwa hasira.

Jumatano, 11
Asubuhi nzima nadondosha wino. Ubao wa chuo: tone linanywewa. Kikaango cha moto: halifi, linakimbia huku na huku. Nikidondosha kutoka juu linapasuka, vitone vinaruka hadi kwenye kanga. Sahani iliyosuguliwa kwa majivu: linatandaa. Ile ile, nikiipaka mafuta ya nazi kidogo tu: linasimama.
Mkono ni ule ule, Shomari!

Alhamisi, 12
Nimemwuliza Bi Tatu faraghani. Kaona haya. Aliipaka mafuta ya nazi ing'ae, kwa heshima ya maneno ya Mungu. Maskini. Heshima yake ndiyo iliyoniponza. Nimemwahidi sitamtaja. Sahani yake nimeisugua, nimemwandikia upya.

Ijumaa, 13
Sikungoja tangazo. Kabla ya sala nilikwenda barazani kwake, wanaume wamejaa. Nikamwekea sahani zangu mbili na kalamu. "Shikamoo, shemeji. Andika wewe." Ya kwanza ikaandikika. Ya pili, niliyoipaka mafuta, ikamkataa. Bismillahi yake yote shanga.
"Kumbe hata mkono wako, shemeji?"
Mzee mmoja akacheka mpaka akakohoa. Nikaisugua kwa majivu mbele yao, nikaisuuza, nikaikausha, nikaandika. Herufi zikatulia.
Msikitini hakutangaza kitu.

Jumapili, 15
Mume wa Bi Tatu kaketi, kaomba uji. Alhamdulillahi. Zafarani inakaribia kwisha.
Alasiri mke wa Shemeji kaja na sahani chini ya kanga. Mumewe anaumwa kichwa tangu Ijumaa. Sikumtania. Nikapitisha kidole juu ya sahani. Imesuguliwa kwa majivu, vizuri sana.
Nikaandika.