Chapati Zangu za Pasaka

Kikuyu, Dodoma
19 Mei 2026

Mpendwa Shangazi Loisi,

Shikamoo. Habari za Tabora, na goti linaendeleaje? Sisi wazima. Mtama wetu wa Zuzu umekomaa, na mume wangu Abeli anashinda huko kufukuza ndege.

Barua yako nimeipata. Unanisihi niwaombe radhi wazee wa kanisa ili yaishe. Nakuheshimu, Shangazi, lakini hapo sikufuati.

Uliyoyasikia yametiwa chumvi. Jioni ile ya Pasaka ya Wayahudi niliwaita nyumbani akina mama ninaowafundisha Biblia. Tulikula mbuzi, mnafu mchungu na chapati, nikawaeleza kwamba mitume waliendelea kuzishika sikukuu walizokulia. Basi! Mzee Sila akatangaza kwamba Penina kageuka Myahudi, na ushahidi wake ni mikate isiyo na chachu. Hivi chapati gani ina hamira? Yeye mwenyewe anazila kila asubuhi na chai.

Sasa nimeambiwa nitubu mbele ya waumini Jumapili hii, la sivyo Meza ya Bwana sishiriki na darasa nanyang'anywa. Sikufichi, limeniuma, nimelia. Lakini nitubu kosa gani? Paulo mwenyewe aliharakisha safari ili Pentekoste imkute Yerusalemu. Mwinjilisti Ludovick kanijibu kwamba Paulo huyohuyo aliwakemea Wagalatia kwa kushika siku. Ni kweli, sibishi. Aliwakemea kwa sababu waliziona kuwa sharti la kukubaliwa na Mungu. Mimi sikumlazimisha mtu. Waliokuja walikula, tukaomba, wakarudi kwao.

Na Jumapili hii ni nini? Pentekoste! Kanisa limeshaanza kupambwa. Siku ile Roho aliwashukia mitume, Yerusalemu ilikuwa imejaa Wayahudi waliokuja kwenye sikukuu hiyohiyo. Halafu mimi ndiye nisimamishwe siku hiyo nitubu kwa kushika sikukuu! Sitatubu. Nitavaa kitenge changu kipya na kukaa benchi la mbele kabisa. Kikombe kikinipita, kinipite watu wote wakiona.

Abeli anakusalimu sana, na Mama Joha wa Makole bado anakuulizia. Nisalimie Aneth na Geofrey. Mungu akutunze, akuondolee hayo maumivu ya goti.

Niombee, Shangazi. Ila usiniombee ninyamaze.

Mwanao akupendaye siku zote,
Penina