Gari Lako Halikuburutwa

Dada yangu Akinyi,

Nakuandikia kutoka Dunga, tilapia wa kukaanga mezani, nimeshinda! Gari ulilonipa huku ndugu zetu wote wakipinga lilizimika jana hapa ufuoni. Mwenye pikapu mmoja akaanza kufunga kamba ya mashua kwenye bampa, alivute hadi kwa fundi kule Mamboleo. Nikakataa.

"Mzee, hii kamba inavuta mashua kubwa kuliko gari yako!"

"Mashua haina giaboksi, bwana! Hili ni la otomatiki. Ukiliburuta magurudumu ya mbele yakizunguka, umeliua."

Wauza samaki wakacheka. "Baba, si ulibebe mgongoni!"

Nikasema ndiyo, litabebwa. Lori tupu la mchanga lililokuwa hapo likarudi kinyumenyume hadi kwenye tuta, sakafu yake ikalingana na juu ya tuta. Nikaweka gia huru, nyutro, wavuvi wakalisukuma polepole wakiimba, kama wanavyopandisha mashua, hadi likaingia lote. Tukalifunga kwa kamba kwenye magurudumu, lori likalipeleka kwa fundi. Mwenye pikapu alisukuma pia, akinitukana kwa Kidholuo.

Fundi amebadilisha pampu ya petroli tu. Gia zinaingia laini, bampa haina mkwaruzo. Jumapili nakuja nikiliendesha mwenyewe. Walionipinga wasimame getini. Nawaletea samaki, nawapenda hata hivyo.

Kaka yako,
Ouma