Stima ya Mwenyekiti

Jumapili, Julai 1994

Bado nina hasira. Chepkoech, mama niliyekuwa nikimzalisha, alikuwa na uchungu, zahanati ikawa giza ghafla, na mtambo wa dizeli, unaoleta stima kwetu na kwa mwenyekiti wa kijiji, nausikia ukinguruma kule chini! Nikamwachia mama yake tochi, nikakimbia.

"Sister, mwenyekiti ana wageni, wanatazama mpira," akasema Kiprono, fundi wa mtambo. "Alisema stima yote iende kwake."

"Na huyu azalie gizani?"

Nikazima laini ya mwenyekiti mimi mwenyewe. Kiprono akawasha yetu.

Mtoto alitoka kamba ya kitovu imemzunguka shingoni. Bila taa, singeiona nikaiondoa kwa wakati.

Sasa mwenyekiti ametuma neno eti nitahamishwa. Naogopa, ndiyo. Lakini kwanza aje hapa amtazame huyu mtoto wa kike akinyonya.